Kibanio Namba Kumi na Saba

Wiki nzima mmenisumbua, wasomaji wangu. Sahani ilivunjika au haikuvunjika? Haya, ilivunjika. Vipande vinne, na kimoja kikaruka mpaka chini ya friji.

Verna Lahti hakuinama kuviokota. Alisimama pale pale kwenye karo la kuoshea vyombo, mapovu yakimchuruzika mpaka viwikoni, mdomo wazi. Neno lilikuwa limeshamfika ulimini. "Abee, mwanangu." Neno hilo alikuwa amelitunza miaka minne na miezi miwili.

Maana sauti iliyoita "Mama!" kutoka upande wa pili wa dirisha la kugawia chakula ilikuwa ya Kaisa, mtoto wake wa pekee, aliyemzaa yeye kwa uchungu wa siku mbili.

Na aliyeitika alikuwa mpishi.

"Sema, mwanangu," alisema Delphine Moonias, wala hakugeuka kutoka kwenye jiko.

"Nataka makaroni ya pembeni. Yale yaliyoungua."

"Nimeshakuwekea. Nani mwingine humu anakula makaa?"

Kaisa akacheka. Verna akajibanza nyuma ya rafu ya masufuria asionekane, mkono kifuani. Kicheko kile alikifahamu tangu hakijaota meno.

"Verna, dada yangu," Delphine alisema, "sahani hizo ni za kanisa. Ukizimaliza watu watakulia viganjani."

"Iliteleza."

"Sahani haitelezi namna hiyo. Umeona jini?"

"Yule msichana hali makaroni." Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Tangu utotoni hataki kuyaona makaroni."

Delphine akageuka sasa, mwiko mkononi. "Nani kakwambia?"

"Namwona tu. Mwembamba."

"Mwembamba! Sahani ya tatu ile."

Verna akarudi kwenye karo. Kaisa aliacha makaroni akiwa na miaka mitano. Alikuwa akisukuma sahani mpaka inadondoka mezani. Leo anakula ya kuungua, ya mwanamke mwingine, na anaomba nyongeza! Roho ilimuuma Verna hadi akaosha sufuria moja mara mbili.

Wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea nikupashe haraka. Tupo Thunder Bay, Kanada, kando ya lile ziwa kubwa, mwezi wa kwanza. Kituo kinaitwa Ngazi Kumi, kwa kuwa ukitoka barabarani unashuka ngazi kumi ndipo ufike. Mchana ni pa kila mtu asiye na pa kwenda: supu, bafu, mashine ya kufulia, simu ya bure. Jioni ni malazi, vitanda ishirini na vinne, basi.

Verna ni mjane, aliendesha basi la shule miaka ishirini na sita. Miaka minne iliyopita Kaisa alipenda kijana ambaye mama hakumtaka. Verna akatia nguo za binti kwenye mifuko myeusi ya takataka, akaiweka barazani, akabadilisha kitasa. Alidhani mtoto atagonga mlango baada ya siku mbili. Hajagonga mpaka leo.

Mwezi wa kumi na moja akasikia Kaisa anaonekana Ngazi Kumi. Akapiga simu mara sita. Mara zote sita aliambiwa maneno yale yale: "Siwezi kukwambia yupo, siwezi kukwambia hayupo." Ndiyo sheria ya pale. Uwe mama, uwe mume, uwe askari, hutajiwi mtu. Basi Verna akajitia mtu mwingine. Akaenda na jina la ukoo la baba yake, Verna Niemi, akaomba kuosha vyombo bila malipo. Wiki ya tatu hii anajificha nyuma ya rafu, akitaka jambo moja tu duniani: mtoto arudi nyumbani.

Haya, tumekuwa sawa. Tuendelee.

Chakula cha mchana kilipokwisha, Delphine alivua aproni akaenda kukaa na wageni. Verna akachungulia dirishani. Asingechungulia.

Delphine amekaa kwenye kiti, ametoa kofia ya sufu, nywele zake ndefu zimemwagika. Nyuma yake amesimama Kaisa, anamsuka. Vidole vinakwenda taratibu, kichwa kimeinama, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Nani alimfundisha kusuka? Verna! Alimfundisha kwa nyuzi za zulia, jikoni, majira ya baridi ya mwaka ule baba yake alipofariki. Na yeye Verna hajasukwa hata siku moja.

"Dada wa sahani!" Mzee Roland alikuwa ameleta trei yake. "Mbona unamkodolea macho Shangazi Del kama amekuibia mume?"

"Sina mume."

"Basi nipo mimi. Nina meno kumi na moja na buti mpya."

Pale kituoni nusu ya watu walimwita Delphine Shangazi, kama ilivyo desturi ya kwao Waojibwe, wenyeji wa asili wa kule, kumwita hivyo mwanamke yeyote anayekulisha na kukukaripia. Hilo Verna angeweza kulivumilia. Angeitwa Shangazi mpaka kesho.

"Yule msichana," alimuuliza Roland, akijifanya anakwangua trei. "Anayemsuka. Ni nani wake?"

"Kaisa? Mtoto wa Del yule."

"Amemzaa?"

"Kuzaa si kazi, mama, kazi kulea. Mwezi uliopita binti alishikwa na homa ya mapafu. Del alikuwa na mapumziko ya siku mbili. Alizimalizia kando ya kitanda chake, anamlisha supu kwa kijiko. Kijiko hivi, kijiko hivi." Roland akaonyesha, akafungua na kinywa. "Mimi nilipokatwa vidole viwili vya mguu kwa barafu, nililetewa kadi tu."

Homa ya mapafu! Na mama mzazi alikuwa wapi? Alikuwa kilomita tano kutoka pale, anatandika kitanda kisicholaliwa na mtu.

Delphine akarudi jikoni na misuko miwili mabegani. "Umeniona? Bibi harusi."

"Umependeza," Verna alisema. Ilimtoka kama mfupa. "Kwani yule hana mama?"

"Anaye. Mji huu huu."

"Anasemaje juu yake?"

Delphine alifungua bomba akanawa mikono. "Ya mezani hayafiki kwenye karo, dada."

"Neno moja tu."

"Hata nusu."

"Kama unampenda hivyo, si umchukue ukae naye kwako?" Sauti ya Verna ilipanda. "Unangoja nini?"

"Sheria." Delphine hakukasirika, na hilo ndilo lililomuudhi Verna zaidi. "Mfanyakazi akimpeleka mgeni nyumbani kwake, kazi imekwisha siku hiyo hiyo. Miaka kumi na tisa niko kwenye jiko hili. Nina chumba kitupu, baridi ikizidi nakiangalia namkumbuka. Lakini ndiyo hivyo."

Verna akainamia vyombo ili tabasamu lake lisionekane. Loo, kumbe! Sheria za pale zilizomnyima mtoto, sasa zilikuwa upande wake. Mpishi abaki na jiko lake. Mtoto ana kwao.

Saa tisa na nusu mlango wa jikoni ukafunguliwa. Akaingia meneja, Maureen Tait, simu imebanwa begani, kopo kubwa la kahawa mkononi, na mfuko wa vibanio vya nguo.

"Verna, mikono mikavu? Anayepanga kura kashikwa na mafua. Delphine haruhusiwi, ana watoto wake humu. Nakupa wewe kwa sababu humjui mtu hata mmoja."

"Simjui mtu," Verna alisema.

Kura ndiyo desturi ya Ngazi Kumi siku watu wakizidi vitanda. Kila mgeni huandika jina kwenye orodha na kupata namba. Namba hizo zimeandikwa kwenye vibanio vya mbao, vinaingia kwenye kopo, na saa kumi kamili meneja anachota mbele ya watu wote. Anachota ishirini na nne. Wanaobaki wanapewa blanketi, mkate wenye nyama na tikiti ya basi, wanaambiwa kwaheri. Hakuna upendeleo, hakuna kulia. Watu wa pale wanaiamini kura ile kuliko wanavyomwamini meya.

Siku ile waliojiandikisha walikuwa thelathini na mmoja. Kipimajoto cha dirishani kilisoma thelathini na moja pia, lakini chini ya sifuri.

Verna akakaa kwenye gunia la viazi na orodha magotini. Namba moja, kibanio, kopo. Namba mbili, kibanio, kopo. Akashuka hivyo hivyo mpaka mstari wa kumi na saba. Kaisa L. Ile K yenye mkia mrefu, ile ile ya kwenye daftari za shule.

Akakishika kibanio namba kumi na saba.

Akili yake ilikwenda mbio. Akikosa kitanda hapa atakwenda wapi? Kijana wake alishamkimbia zamani. Mpishi amefungwa na sheria. Baridi hii hailali mtu nje. Na mimi nitakuwa mlangoni, gari linanguruma, joto limejaa, mkate wa iliki kwenye kiti cha mbele. Leo Jumamosi, siku yetu ya kuoga kwa mvuke, kuni za chumba cha mvuke nimezipanga tangu asubuhi, kimebaki kiberiti tu. Atapanda. Atapanda bila kuulizwa mara mbili!

Kando yake palikuwa na ndoo ya maganda ya viazi. Kibanio kikadondoka humo. Akakifunika kwa maganda mengine, akakandamiza.

Msinitolee macho mimi, mimi nasimulia tu.

Saa kumi ukumbi ulikuwa umejaa. Hata Bi Pirkko, mwenye duka la mikate la ng'ambo ya barabara, alikuwepo. Yule kila mwaka anakusanya saini kituo kihamishwe, na kila Jumamosi analeta maandazi ya kubaki halafu anakaa kuangalia kura. Maureen akapanda kwenye kiti.

"Nne!"

"Mimi!"

"Ishirini na sita!"

"Asante Mungu!"

"Kumi na moja. Kumi na moja yuko wapi? Mwamsheni."

Verna alikuwa kwenye mlango wa nyuma wa jiko, mkono mmoja umeshaingia kwenye koti. Alikuwa akihesabu. Kumi na tisa wametoka. Ishirini. Kaisa alisimama karibu na nguzo, karatasi yake ya namba ameing'ata kwa meno, macho kwenye kopo. Kila namba ikitoka mabega yake yanashuka kidogo. Verna aliliona hilo, na moyo ukamsuta. Lakini aliendelea kuhesabu.

"Ya mwisho," Maureen alisema. "Thelathini!"

"Yesu na Mariamu!" Mzee Roland alikibusu kibanio. Watu wakapiga makofi kidogo, kisha waliokosa wakaanza kutafuta mifuko yao.

Mpango ulikuwa Verna atoke kwa nyuma, awashe gari, angoje. Angetoka tu, hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini Kaisa hakwenda mlangoni. Alikuja dirishani.

"Mama," alisema, "sikupata."

Akalaza kichwa kwenye ubao wa dirisha. Delphine akaweka mkono juu ya kichwa kile, akakipapasa. "Najua, mwanangu. Najua."

Verna akaona giza. Koti likaanguka.

"Toa mkono wako!" Sauti ile ilikuwa imenyamazisha mabasi ya watoto sitini. "Toa mkono kwa mtoto wangu! Mama yake ni mimi!"

Ukumbi mzima ukageuka. Kaisa akainua kichwa. Akamwona mwanamke wa makamo, aproni imelowa, kofia ya plastiki kichwani.

"Wewe," Kaisa alisema.

"Mimi."

"Umefuata nini hapa?"

"Nimekufuata wewe. Wiki ya tatu sasa naosha sahani zako."

"Ala!" Mzee Roland alimnong'oneza Bi Pirkko kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Nami nilikuwa namtongoza mama mkwe wa watu."

Verna hakumsikia. Alikuwa ameshatoka jikoni, amesimama mbele ya binti yake. Karibu hivyo hawajasimama kwa miaka minne. Kaisa alikuwa amekonda mashavuni, na kwenye nyusi palikuwa na kovu ambalo Verna hakulijua.

"Gari liko nje," Verna alisema, sasa kwa upole. "Kitanda chako kiko vile vile. Leo Jumamosi, kuni zimepangwa. Nimeoka ule wa iliki. Sitauliza kitu, Kaisa. Lala tu siku moja."

Kaisa alitazama mlangoni. Kioo kilikuwa kimeganda barafu kote.

"Kile kitasa," alisema. "Ulikibadilisha."

"Nitakupa ufunguo leo hii. Shika, shika wangu."

Binti alimtazama Delphine. Delphine akatikisa kichwa kukubali. "Nenda, mwanangu. Mtu asilale nje kwa sababu ya hasira. Kesho uji upo, ukitaka."

Na Kaisa akainua begi lake!

Ndugu msomaji, ungemwona Verna. Alikuwa ameshinda. Angefunga mdomo tu, angetembea hatua ishirini mpaka kwenye gari. Lakini wivu haujui kushinda kimyakimya. Alimgeukia Delphine akampima juu chini. "Umeona? Damu ni damu."

Delphine aligeukia jiko lake. Kaisa ndiye aliyesimama.

"Binti," Mzee Roland alisema, akichechemea kuja mbele, "kama huendi kwa moyo wako, usiende. Chukua kitanda changu. Mimi nitapanda basi mpaka mwisho wa njia, nirudi nalo, niende tena. Dereva ananijua."

"Na vidole vyako?"

"Vimebaki vinane. Vinatosha."

Kaisa akaweka begi chini. Verna akaliona likigusa sakafu, na moyo wake ukaanguka nalo.

"Wewe lala kitandani kwako!" alimfokea mzee. "Kitanda nimekupa mimi, unakigawa nani kakutuma?"

Roland akapepesa macho. "Umenipa wewe?"

Verna akafumba mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka.

Maureen Tait alishuka kwenye kiti taratibu. Alilimwaga kopo mezani, akapanga vibanio vilivyobaki pembeni ya vile vilivyochotwa, akavihesabu kwa kidole. Akavihesabu tena. Njia ya mwongo fupi, na ile ilikuwa na urefu wa meza moja.

"Thelathini," alisema. "Orodha ina thelathini na mmoja. Kumi na saba haimo."

Kaisa akafungua karatasi yake iliyolowa mate. Hakuna aliyehitaji kumsomea.

Kelele zikapanda. Mtu mmoja akatukana. Bi Pirkko akasema kwamba hata yeye, na saini zake zote, hajawahi kufanya unyama wa namna hiyo. Watu wa pale husamehe wizi wa soksi, husamehe ulevi, husamehe ngumi. Kura haijachezewa tangu kituo kifunguliwe.

"Nilitaka urudi nyumbani!" Verna alilia. "Ningefanyaje? Kila nikipiga simu, siwezi kusema yupo, siwezi kusema hayupo!"

"Wiki tatu ulikuwa hatua tano kutoka ninapokaa," Kaisa alisema. Hakupaza sauti. "Ungeniomba."

"Nilikuwa naogopa utakataa."

"Labda ningekataa. Ungeniomba."

"Nilikuona unamsuka! Nikasikia umeugua na huyu ndiye aliyekulisha! Nilikuwa na wivu, basi! Usiku silali kwa wivu! Unamwita mama mwanamke wa jikoni na mimi nipo hai!"

"Mara ya kwanza ulinifungia nje ya nyumba yako," Kaisa alisema. "Leo umenifungia nje ya nyumba ya watu."

Verna akafunika uso kwa aproni.

"Inabidi turudie kura," Maureen alisema, uso umemwiva.

"Msirudie. Mzee Roland alale." Kaisa alitupa begi begani. Alichukua blanketi lake kwenye rundo, kama wote waliokosa, akaanza kupanda zile ngazi kumi.

Hapo ndipo uliposikika mlio wa chuma juu ya ubao. Delphine alikuwa ameweka funguo za jiko kwenye dirisha. Zote, za stoo, za friji, za mlango wa nyuma.

"Maureen," alisema, "mimi si mfanyakazi wa hapa tena."

"Delphine, acha utani."

"Miaka kumi na tisa natii. Mfanyakazi hapeleki mgeni nyumbani kwake. Sawa. Sasa mimi ni mwanamke tu mwenye chumba kitupu." Alivaa kofia yake juu ya ile misuko. "Supu ya kesho iko kwenye friji. Chumvi bado. Kaisa! Ningoje, mwanangu!"

Na wakatoka pamoja.

Verna alibaki katikati ya ukumbi, watu wakimpisha kana kwamba ananuka. Alikuwa na mpango mmoja tu, kumtoa mtoto mikononi mwa mpishi. Na kwa mpango huo huo amemkabidhi. Amefungua mwenyewe mlango ambao sheria ilikuwa imeufunga miaka yote.

Aliokota koti lake akatoka kwa nyuma. Gari lake liliwaka mara moja, na alijua kwa nini. Kwa baridi ya kule, gari lisipochomekwa waya wa umeme wa kupasha injini, linakufa. Nyuma ya kituo palikuwa na tundu moja tu la umeme. Asubuhi Verna alikuwa amechomoa waya wa pikapu ya Delphine, akachomeka wake. Hakuna aliyemwona. Alifanya vile kwa kijicho tu, ili mpishi apate shida kidogo.

Sasa alikaa garini akilia, na upande wa pili wa uwanja pikapu ya Delphine ilikuwa inakohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikanyamaza kabisa.

Kioo chake kikagongwa. Alikuwa Delphine, kope zimeshaganda nyeupe.

"Fungua. Mtoto hana glavu."

"Mnakwenda wapi?" Verna aliuliza, ingawa alijua.

"Kwangu, ng'ambo ya daraja. Utatupeleka. Hunipeleki mimi, unampeleka yeye."

Verna akafungua. Angefanya nini? Kaisa aliingia nyuma bila kumtazama. Delphine naye akaingia nyuma. Kiti cha mbele kilibaki na mkate wa iliki peke yake, umefungwa kwenye kitambaa.

Waliondoka. Barabara ilikuwa kioo kitupu cha barafu, na taa za mji zilikuwa zimeanza kuwashwa. Verna alishika usukani kwa mikono miwili, alivyoushika miaka ishirini na sita, na macho yake hayakukaa barabarani. Yalikuwa kwenye kioo kidogo cha juu. Delphine amevishika vidole vya Kaisa, anavipulizia pumzi, anavisugua. Kimoja kimoja.

"Mikono yako ina joto," Kaisa alimwambia.

Verna akazidi kuubana usukani. Mikono yake yeye ilikuwa na joto pia. Hakuna aliyeiuliza.

Wakafika kwenye taa. Nyekundu. Kulia ni darajani, kwa Delphine. Kushoto ni kilimani, nyumbani, dakika sita. Taa ya ishara ilikuwa inapepesa kulia, alikuwa ameiwasha mwenyewe, kwa uaminifu.

Taa ikawa kijani. Verna akabonyeza kitufe, milango yote minne ikajifunga kwa mpigo. Akakata kushoto.

"Verna," Delphine alisema, "daraja liko kulia."

"Nalijua daraja lilipo."

"Simamisha gari," Kaisa alisema.

"Tukifika."

"Mama, simamisha gari!"

"Dakika sita tu, mwanangu! Utaoga, utakula, utalala. Kesho utanichukia ukiwa umeshiba!" Akakanyaga mafuta. Gari likapanda mlima likiserereka, mara huku, mara kule.

Nyuma yake akasikia mkanda ukifunguliwa, na kufuli la mlango likivutwa kwa mkono. Kisha Delphine akapiga ukelele, na upepo wa ziwani ukamwingia Verna shingoni. Akatazama kwenye kioo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwenye kiti alibaki mtu mmoja tu.